Tatu Nukta Moja

Mwalimu Kastori alinipigia simu Jumanne asubuhi, nikiwa kibarazani kwangu Mkonze nachambua mlenda. Hakuzunguka. "Dada Dorkasi, Winfrida ametutoka jana. Tunazika kesho saa nane mchana, hapahapa Chamwino." Nikampa pole, akaipokea. "Ameacha neno kwa ajili yako. Amesema watani wengine wakija wakae pembeni wale ubwabwa. Mtani wake ni wewe peke yako. Usipokuja, asizikwe." Nikamuuliza kama dada yake alilisema hilo kwa hasira. "Hasira? Alicheka mpaka tukamwinua apate pumzi." Nikasema nitakuja. Baada ya simu nikaendelea kuchambua mlenda mpaka ukaisha, ndipo nikaona nimetupa majani na kuweka vijiti kwenye sufuria.

Winfrida alikuwa Mhehe, mimi Mgogo. Wazee wetu walipigana sana, kisha wakaona bora watukanane kuliko kuuana, na huo ndio utani tuliorithi. Mtani anaweza kukuambia lolote, mahali popote, na wewe huna ruhusa ya kukasirika. Ukikasirika kosa ni lako. Msibani ndiyo kazi yake hasa: amwigize marehemu, amsute mbele ya jeneza, mpaka waliofiwa wacheke wakiwa bado na machozi. Nimefanya kazi hiyo mara nyingi na watu husema naiweza. Jumanne ile nilitamani ningekuwa siiwezi.

Naandika daftari tangu nilipomaliza darasa la saba. Sijioni mwandishi. Naandika kwa sababu najijua: nisipoandika, baada ya mwezi nitakuwa nimembebesha mtu maneno asiyosema. Daftari la mwaka nilioishi na Winfrida lina jalada la kijani, panya wamekula kona moja, na siku ile nililisoma lote tangu ukurasa wa kwanza, natafuta jambo moja tu. Nilikuwa na miaka ishirini na sita. Tulikuwa tunapika, Winfrida na mimi, kwenye mgahawa wa Mama Zubeda kule Makole, na tulilala chumba kimoja nyuma ya jiko, kitanda kimoja, yeye upande wa ukuta. Chumba kilikuwa na dirisha la nondo lisilo na kioo, kamba ya nguo, ndoo mbili, na mlango wenye komeo gumu ambalo lilibidi ulisukume kwa kiganja chote. Asubuhi tulikula viporo vya jana kabla wateja hawajafika: ugali wa uwele uliopashwa juu ya mkaa, mlenda, na siku nzuri kipande cha nyama ambacho mteja alikiacha. Winfrida alikuwa akininyang'anya mlenda akisema, "Lete hapa, Mgogo, wewe hata ukishiba utakwenda kuomba kwa jirani." Nami namwambia afunge mdomo, mbwa wa mtaani wakimsikia watahama Makole yote, maana Wahehe wanasemwa kula mbwa. Tukicheka hivyo jua linatoka.

Yeye ndiye aliyekuwa na mkono wa chapati. Alikanda unga kabla hakujapambazuka, na madereva wa ofisi walikuwa wakisimamisha magari kwa ajili ya chapati zake, si kwa ajili ya maharage yangu. Halafu, kama daftari halidanganyi, baada ya Pasaka akaanza kuniamsha. "Doo, nifungulie komeo." Vidole vyake asubuhi vilikuwa havikunjiki. Mara ya kwanza nikainuka. Mara ya tano nikasema, "Unataka nitangulie mimi jikoni, sema tu." Akakanda unga kwa viwiko. Nikaona, nikacheka, nikamwita Mama Zubeda aje aone, na yeye akacheka. Nywele zake zikawa zinabaki kwenye mto, nami nafagia huku nasonya. Mashavuni akatoka wekundu, kila upande wa pua, na Mama Zubeda akasema mbele ya wateja, "Haya, Mhehe ameanza kujichubua. Krimu hiyo unanunua wapi?" Winfrida akamjibu kwamba ananunua kwa Wagogo, wao wanauza hata ngozi zao. Wateja wakaangua kicheko. Unga wa siku ile nilimalizia kukanda mimi.

Nimtendee haki Mama Zubeda. Hakuwa mtu mbaya. Alitupa kitanda, hakuwahi kutucheleweshea mshahara, na tulipougua malaria alitupikia uji mwenyewe. Na kipimo cha damu alichokuja kumpeleka Winfrida apimwe, yeye alikuwa amekijua kwa mguu wake. Mwanzoni mwa mwaka alikanyaga msumari, mguu ukavimba mpaka gotini, akapelekwa kwenye zahanati moja ya binafsi iliyokuwa imepata mashine mpya. Wakampima damu kipimo kinachoitwa CRP. Mtaalamu wa maabara akamwambia kinaonyesha kama mwili una moto ndani, na kwamba mtu mzima asiye na tatizo huwa chini ya tano. Yeye alikuwa na mia moja na arobaini. Wakampiga sindano, baada ya siku chache ikawa thelathini, kisha nne, na mguu ukarudi kuwa mguu. Karatasi zote tatu alizitundika ukutani kwenye msumari, karibu na leseni ya biashara, na kila mteja alielezwa: "Hii hapa nilikuwa nakufa. Hii hapa napona. Hii hapa nimepona." Ndivyo sisi wote wa jikoni tulivyojifunza CRP. Ikipanda unaumwa, ikishuka umepona, na mashine haina upendeleo. Nilikuwa naona ni jambo zuri sana, kwamba hatimaye kuna kitu kinachoweza kumjua mtu anayeumwa na mtu anayesingizia.

Kwa hiyo Winfrida aliposhindwa kuinua sufuria ya chai kwa wiki nzima, Mama Zubeda alisema, "Twende tukakupime moto. Nitalipa mimi. Ukikutwa nao, utalala kitandani nami nitakukandia unga mwenyewe. Usipokutwa nao, tutajua." Daktari alimwona, akamshika vidole, akamuuliza maswali mengi, akaagiza damu. Majibu yalikuwa yatoke jioni. Nilitumwa mimi, kwa kuwa Winfrida alikuwa anaosha vyombo. Kwenye dirisha la maabara alikuwepo kijana mwenye koti jeupe lililomzidi mwili, ananitazama juu ya miwani. "Wewe ni nani yake?" Nikasema, "Ndugu yake." Ukisema mtani hawakupi. Akanipa karatasi. Nakumbuka aliandika kitu kabla ya kunipa, nakumbuka alizungumza. Maneno yake sikumbuki. Nilikuwa tayari nimeiona namba. Tatu nukta moja, na pembeni yake sifuri mpaka tano, na neno "Kawaida".

Hilo ndilo jambo nililokuwa nalitafuta kwenye daftari Jumanne ile: yule kijana alisema nini. Kwa miaka kumi na minane nimejiuliza. Wakati mwingine, nikiwa naosha miguu au nimekaa kanisani, namwona midomo inacheza nyuma ya kioo, na najiambia alikuwa ananitakia jioni njema. Ukurasa wa siku ile una mistari miwili tu. "Nimeleta majibu ya W. 3.1. Hana kitu." Na chini yake: "Nimefurahi." Nimeliangalia hilo neno mara nyingi. Ningependa kuandika hapa kwamba nilifurahi kwa kuwa mwenzangu ni mzima. Lakini nilikuwa nimekanda unga wa watu wawili kwa miezi miwili, na mikono iliniuma, na mimi hakuna aliyenipima. Nilifurahi kama mtu aliyeshinda kesi.

Niliingia mgahawani na karatasi nimeinua juu. Wateja wa jioni walikuwepo. "Mama, tatu!" nikasema. "Tatu nukta moja!" Mama Zubeda akaishika, akaisogeza mbali na macho, akaigeuzia kwenye mwanga. "Mimi nilikuwa na mia na arobaini na nilikuwa nauza," alisema. "Mimi! Na mguu kama gogo!" Winfrida alikuwa amesimama mlangoni pa jiko, povu limefika viwikoni. Aliuliza polepole, "Daktari amesemaje? Nirudi?" Aliniuliza mimi. Hapa sina shaka, nalikumbuka swali kama lilivyo, kwa sababu alinitazama mimi na si Mama. Nikasema, "Urudi ukafanye nini, na majibu ndiyo haya?" Dereva mmoja wa halmashauri akadakia, "Mhehe, umepata ngapi?" "Tatu." "Kwa mia? Umefeli!" Kicheko kikajaa chumba. Na Winfrida, kwa kuwa ni mtani na hana ruhusa, akafuta povu na kujibu, "Afadhali mimi nimeridhika na tatu. Angekuwa Mgogo angepiga magoti aongezewe." Wakacheka zaidi. Mama Zubeda akaichomeka karatasi ile kwenye msumari, juu ya zile zake tatu.

Ikakaa pale wiki baada ya wiki. Akichelewa kutoka chumbani, mtu anaonyesha ukuta. Akikaa chini kwenye ndoo, mtu anauliza, "Tatu, umechoka?" Likawa jina lake. "Tatu, chapati mbili!" Mwanzoni alirudisha kila neno, na maneno yake yalikuwa makali kuliko yetu. Kisha akawa anarudisha moja kati ya matatu. Kisha anatabasamu tu. Sisi hatukuona kitu, kwa sababu katika utani aliyenyamaza ndiye aliyeshindwa, na aliyeshindwa huongezwa. Uso wake ukaanza kuamka umevimba, macho yamebaki kama mikato ya wembe. Nina ukurasa unaosema: "W. ananenepa. Usingizi mtamu. Kazi nafanya mimi." Miguu yake ukiibonyeza kidole shimo lilibaki. Najua kwa sababu niliibonyeza, mbele ya wateja, nikawaonyesha: "Tazameni, kama unga uliolala." Alicheka na yeye. Nakumbuka alicheka, na nimejaribu kukumbuka sauti ya kicheko chake siku hiyo nikashindwa.

Asubuhi moja kabla ya mvua za kwanza sufuria ya chai ilimtoka mikononi. Ilimmwagikia Mama Zubeda mguuni, mguu uleule wa msumari. Mama alipiga ukelele uliowatoa watu saluni ya jirani. Mguu uliungua kweli. Ngozi ilitoka na soksi, sitaki kumpunguzia. "Nje!" alisema. "Kusanya vyako, nje! Nimekulisha, nimekupima, mashine imesema huna kitu, sasa unataka kuniua!" Winfrida hakujitetea. Alifunga nguo zake kwenye kanga. Nilimfungia fundo, kwa kuwa vidole vilimgomea, na huo ndio msaada pekee niliompa mwaka ule wote. Kisha akapita mgahawani, akasimama mbele ya ukuta, akaivuta karatasi yake ikachanika kidogo kwenye msumari. Akaitazama. Akaigeuza, akatazama nyuma, akakaa hivyo muda mrefu, nami nikadhani anatafuta namba nyingine ya kumwokoa. Akaikunja akaitia kifuani. Aliponipita mlangoni akanitazama usoni. "Haya, kamwene, ndugu yangu," alisema, kwa salamu ya kwao. Miezi yote ile alikuwa ananiita mtani. Nilidhani ni uchungu wa kuagana.

Yaliyofuata niliyasikia kwa Kastori, ambaye alikuja kufundisha Chamwino na kumchukua dada yake akae naye. Huko kwao Iringa, alikorudi, walimpima mkojo, wakakuta figo zimeshaanza kuharibika. Ulikuwa ugonjwa wenye jina ambalo sikulishika, wa kinga ya mwili kumgeukia mwenyewe. Walisema angewahi miezi michache tu, zingeokolewa. Aliishi, lakini maisha ya kukaa ndani, maana hata jua lilimdhuru, na jua la kwetu unalijua. Kutoka kwangu mpaka Chamwino si safari. Nilikuwa nasema nitakwenda nikivuna, nitakwenda Krismasi. Sikwenda hata mara moja.

Nilikuja kukielewa kile kipimo mwaka juzi tu, kwa goti langu. Nami nilipimwa CRP, nikapata hamsini na kitu, nikaanza kuaga watu. Daktari kijana, binti wa kuniita mama, akanikalisha. "Shikamoo mama, hebu tulia kwanza. Unapika kwa mkaa?" Nikasema napika kwa mkaa maisha yangu yote. "Basi hii ni kama moshi. Ukiona moshi unajua kuna kitu kinaungua, lakini moshi haukuambii ni nyumba ya nani. Ndiyo maana nitakuangalia goti, sitatibu namba." Nikamuuliza, na kama hakuna moshi? Akacheka. "Mama, wewe ndiye mpishi. Mkaa ukishakolea vizuri unatoa moshi?" Hautoi. Ukikolea hautoi moshi kabisa, na hapo ndipo unapounguza. Akasema yapo magonjwa, hasa yale ya mwili kujishambulia, ambayo CRP inaweza kutulia chini ya tano na huku figo zinakwisha, kwa hiyo mtu wa namna hiyo hawezi kuambiwa ni mzima kwa karatasi moja. "Lazima arudi kwa daktari, aangaliwe mwili mzima, apimwe na mkojo." Nikauliza, "Na asiporudi?" Akaniangalia. "Kwa nini asirudi, mama? Si anaambiwa?"

Jumatano nilifika Chamwino saa sita. Turubai lilikuwa limefungwa, ubwabwa unatokota, jeneza ndani sebuleni. Kastori alinipokea kwa mikono miwili. Amekuwa mzee kabla ya wakati, uso wake ni wa dada yake kabla ya kuvimba. Akanipa bahasha. "Amesema ukishamaliza vituko vyako, usome hii pale kaburini. Usome yote, na usiongeze neno lako kabla hujaimaliza. Sisi hatujaifungua. Kwenye mambo ya watani hatuingilii."

Nilifanya kazi yangu. Makaburini nilijifunga kanga kifuani kama alivyokuwa anajifunga, nikakunja vidole vikawa kucha za kuku, nikajifanya nasukuma komeo lisilosukumika. "Doo, nifungulie!" nikalia kwa sauti yake. Wahehe wakaanza kucheka. Nikakanda udongo wa kaburi kwa viwiko. Nikajivimbisha mashavu, nikabonyeza mguu wangu kwa kidole, nikawaonyesha. Bibi mmoja akaketi chini kwa kucheka, Kastori anafuta machozi kwa mgongo wa mkono. Nilikuwa nayafanya yaleyale, moja baada ya jingine, bila kupunguza hata moja, na waliofiwa walikuwa wananishukuru kwa macho.

Kisha nikafungua bahasha. Kabla sijaikunjua nilijua, kwa tundu la msumari lililochanika. Nikasoma kwa sauti: jina lake, umri wake, CRP tatu nukta moja, kawaida. Nikainama juu ya kaburi. "Mnaona? Mashine imesema huyu hana kitu! Mhehe, toka humo ndani, unga haujakandwa!" Kicheko kilipanda mpaka kunguru wakaruka. Nilikuwa naikunja karatasi Kastori, aliyeuona upande wa pili, aliponikumbusha kwa upole, "Nyuma pia, mtani. Alisema yote."

Nyuma sikuwahi kupaona. Muda wote ule palikuwa pameelekea ukuta. Kulikuwa na mwandiko wa haraka, wa peni ya bluu. Nikausoma kwa sauti, kama nilivyoagizwa. "Arudi kesho kwa daktari. Aje na mkojo. Nimemweleza ndugu yake aliyechukua majibu."

Watu walitazamana, wakitafuta kichekesho kiko wapi. Nikasema, "Ndugu huyo ni mimi."

Bibi aliyekuwa ameketi chini ndiye aliyekipata kwanza. "Ndugu yake!" akapiga makofi. "Mgogo! Ndugu wa Mhehe!" Wakalipuka wote. Nikasema tena, kwa sauti kubwa zaidi, "Ni kweli. Niliambiwa. Nikafika nikanyamaza." Mtu akapiga kigelegele. Nikamtazama Kastori, yeye angalau, na yeye alikuwa ameshika mbavu, machozi yanamtiririka, anatikisa kichwa kama mtu aliyefarijiwa.

"Basi, mtani, basi," alisema alipopata pumzi. "Umeifanya kazi yako, Mungu akubariki. Sogea sasa tumfukie."

Nikasogea.